Bayoneti za kisha vita: chuma kinasema nini?

Huku kwetu Opala, kandokando ya mto Lomami, chuma hakitupwi. Bayoneti ikiokotwa shambani inapelekwa kwa mhunzi, na kisha siku mbili imekuwa kisu cha kukatia sombe. Hatumlaumu mtu, nyumba inahitaji kisu. Tunaomba tu itazamwe kwanza, mbele ya kutiwa motoni.

Mara nyingi tunasikia zote zikiitwa « za Wabelgiji ». Lakini hazifanani. Ile yenye mpini wa mbao na makali pande mbili ni ya bunduki FN ya 1949, iliyotengenezwa Herstal kule Ubelgiji na kuletwa kwa askari wa Force Publique. Ile yenye mpini wa chuma ulio wazi ndani kama bomba ni ya FAL, inavikwa kwenye mdomo wa bunduki. Hiyo ilibebwa na ANC, jeshi la taifa kisha uhuru wa 1960. Yenye tundu karibu na ncha ni ya AKM ya Warusi: tundu linashikana na ala, na viwili hivyo vinakata waya kama makasi. Na ule msumari mrefu unaokunjwa chini ya mtutu ni wa bunduki ya China, namna ya 56.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: chuma kinataja bunduki, hakitaji mkono ulioishika. Wasimba walipoteka Stanleyville, leo Kisangani, tarehe 5 Agosti 1964, walitwaa silaha za ANC. Basi bayoneti ya FAL ya mwaka ule inaweza kuwa ya askari, inaweza kuwa ya Simba. Tusithubutu kuiambia jamaa iliyofiwa: « Hii ni ya wale waliomwua baba yenu. » Neno kama hilo linaweza kufufua vita kati ya majirani.

Kwa hiyo anayekusanya aionyeshe kwanza kwa serikali, maana silaha ni silaha. Asisugue kutu mpaka namba zifutike. Aichore, kisha aandike: iliokotwa wapi, mwaka gani, na wazee wa pale wanakumbuka nini. Akiisha kufanya hivyo, hata ikirudi kwa mhunzi, habari yake haitapotea. Kisu kitakata sombe, na daftari litabaki kwa watoto wetu.