Fulana za kejeli: Nembo ya kampuni inalindwa hadi wapi?

Alama ya biashara ni jina, nembo au mchoro unaomwezesha mnunuzi kutambua bidhaa imetoka kwa nani. Sheria humpa mwenye alama iliyosajiliwa haki ya kuwazuia wengine kuitumia kwa namna inayoweza kuwapotosha wateja.

Katika nchi nyingi alama mashuhuri hulindwa zaidi. Mwenyewe anaweza kufungua kesi hata kama hakuna mteja aliyepotoshwa, iwapo sifa ya alama yake inachafuliwa. Hapo ndipo huzuka mgogoro na wafanyabiashara wanaobadili maneno ya nembo kwa mzaha na kuichapa kwenye fulana bila idhini.

Kesi inayofahamika sana barani Afrika ni ya Laugh It Off Promotions dhidi ya kampuni ya bia ya SAB, nchini Afrika Kusini. Laugh It Off iliuza fulana zinazofanana na lebo ya bia ya Carling Black Label, ila zikiwa na maneno "Black Labour, White Guilt", yaani kazi ya mtu mweusi na hatia ya mzungu. Zilitaja pia unyonyaji tangu mwaka 1652, mwaka ambao Waholanzi waliweka kituo chao Cape.

SAB ilishinda katika Mahakama Kuu mwaka 2003, na katika Mahakama ya Juu ya Rufani mwaka 2004. Majaji wa rufani waliona kuwa fulana hizo ziliihusisha bia hiyo na ubaguzi, hivyo kuiharibia sifa.

Hata hivyo, Mei 27, 2005, Mahakama ya Katiba ilitengua uamuzi huo. Jaji Dikgang Moseneke alieleza kuwa sheria ya alama za biashara isomwe sambamba na haki ya kujieleza iliyomo katika Katiba. Kwa hiyo mlalamikaji hana budi kuthibitisha uwezekano wa hasara ya kiuchumi, jambo ambalo SAB haikulithibitisha.

Nchini Marekani upepo ulivuma kinyume. Juni 8, 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kuhusu mwanasesere wa mbwa aitwaye Bad Spaniels, aliyeigizwa chupa ya wiski ya Jack Daniel's. Ilisema kuwa anayetumia mzaha kama alama ya kuuzia bidhaa zake mwenyewe hapati kinga maalumu ya uhuru wa kujieleza. Mzaha huo hupimwa tu kama kigezo kimojawapo cha kuamua iwapo wateja watachanganyikiwa.

Hukumu hizo hazizifungi mahakama za nchi nyingine. Lakini zote mbili zinamwachia mchapaji wa fulana funzo moja: kejeli si bidhaa bandia, wala si ruhusa ya kutumia nembo ya mwenzako utakavyo.