Mgeni Apewe Jembe: Historia ya Kumpokea Asiye na Makao katika Nchi ya Lumakanda



Kila mwaka kitabu hiki hutoa hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka. Hesabu hiyo ni ya lazima, kwa maana mali ya chama ni amana. Lakini ipo hesabu nyingine ambayo mtunza hazina hana safu ya kuiandika katika daftari lake, nayo ni hii: miongoni mwa watu tuliowasaidia, ni wangapi waliopata mahali pa kukaa, na ni wangapi waliopewa sarafu tu wakaendelea na safari yao? Ili tuweze kujibu vema, yatupasa kutazama nyuma, tuone watu wa nchi hii walimfikiriaje mtu asiye na makao, na kwa nini fikira hizo zilibadilika.

Wazee wanalijua neno omumenya, ambalo Wamaragoli hulitamka omumenya au umumenya, na wengi wao huitwa abamenya au avamenya. Limetokana na kitenzi chenye maana ya kukaa mahali. Omumenya alikuwa mtu aliyeondoka katika ukoo wake kwa sababu ya njaa, ugomvi au uhaba wa ardhi, akaenda kwa shemeji, kwa wajomba au kwa rafiki, naye akaonyeshwa mahali pa kujenga na kulima. Günter Wagner, mtaalamu wa Kijerumani aliyefanya uchunguzi katika nchi yetu miaka ya 1930, aliieleza desturi hiyo katika kitabu chake kilichoanza kutolewa mwaka 1949. Tusiipambe kupita kiasi. Omumenya hakuwa sawa na mwenye ardhi. Alikaa kwa hisani, na hisani hiyo yaweza kuondolewa. Hata hivyo hakuitwa mwombaji. Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake si kumfukuza mgeni, bali ni kumfanya awe mtu wa hapo.

Utawala wa Waingereza ulileta fikira nyingine. Kanuni za Uzururaji za mwaka 1898 zilitoa ruhusa ya kumkamata mtu aliyeonekana akiomba sadaka, au akitangatanga bila kazi wala njia ya kujilisha. Hivyo yule ambaye jana alikuwa mgeni wa kupokewa, leo akawa mkosaji wa kufungwa. Sheria ya namna hiyo ilidumu katika sura mbalimbali hata baada ya Uhuru, na haikufutwa mpaka mwaka 1997. Watu wawili au watatu wa vizazi walikua wakiona askari akimshughulikia maskini. Si ajabu basi kwamba wengi wetu tulijifunza kumtazama maskini kwa macho ya askari.

Tena, sheria hiyo haikuuliza ni nani aliyemfanya mtu akose makao. Nchi hii ya Lugari ilitiwa ndani ya Nyanda za Juu za Wazungu, na Mwafrika aliyekaa humo alikaa kama skwota. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Naye alikuwa mkaaji kwa hisani, lakini hisani hii haikuwa na ujamaa ndani yake. Kazi ilipokwisha, na makao yalikwisha.

Huko Kakamega kwenyewe kulitokea jambo la kukumbukwa. Mwaka 1930 ilitungwa sheria iliyoahidi kwamba ardhi ya hifadhi za Waafrika ni yao daima, na kwamba ikichukuliwa sehemu, watalipwa ardhi nyingine. Mara dhahabu ikaonekana mwaka 1931. Mwaka 1932 sheria hiyo ikageuzwa, ili mtu aweze kuondolewa kwa kulipwa fedha badala ya ardhi. Wazee wa siku zile walilalamika sana, nao walikuwa na haki. Walijua kwamba fedha huliwa ikaisha, bali mahali hudumu.

Vyama vya ustawi vilizaliwa katika shida hizo. Chama cha Walipa Kodi wa Kavirondo, kilichoanzishwa mwaka 1923 na kuongozwa na Archdeacon Owen, kiliwahimiza wanachama kujenga vyoo, kuua panya na kutengeneza nyumba safi. Baadaye watu wetu waliokwenda Nairobi na miji mingine waliunda vyama vya koo na vya lokesheni. Vilizika maiti, vilitembelea wagonjwa, na vilimlipia nauli aliyekwama mjini ili arudi nyumbani. Hiyo ilikuwa kazi njema. Lakini ilisimama juu ya dhana moja, kwamba kila Mwafrika ana nyumbani kwa kurudi. Serikali nayo iliipenda dhana hiyo, kwa maana iliwaruhusu waajiri kumlipa mfanyakazi ujira wa mtu mmoja, huku mkewe, watoto wake na uzee wake vikiachiwa jamaa wa kijijini. Kamati ya Carpenter ilipotoa taarifa yake mwaka 1954, ilikiri kwamba ujira huo hautoshi kulea familia. Kwa hiyo ukarimu wa kijiji ulikuwa ukilipa deni la mwajiri kwa miaka mingi, wala hakuna aliyeushukuru.

Ndipo ukaja Mpango wa Ekari Milioni, ulioanza mwaka 1962. Katika Kenya nzima familia zipatazo 35,000 zilipewa viwanja katika mashamba yaliyonunuliwa kwa Wazungu. Lumakanda, Lugari, Chekalini na Mautuma zikawa skimu za makazi, na watu wakaja kutoka Maragoli, Bunyore na kwingineko kulikojaa. Kiwanja hakikuwa zawadi. Kilikuwa mkopo wa miaka mingi. Lakini kilikuwa mahali. Basi na tukubali kwamba wengi wetu, au wazazi wetu, tulifika hapa tukiwa abamenya, na jembe la siku ya tatu tulipewa.

Mwaka 1963 Mzee Jomo Kenyatta aliipa nchi neno Harambee, na kwa neno hilo shule na zahanati nyingi zikajengwa. Lakini utoaji ulianza kutangazwa kwa kipaza sauti, na jina la mtoaji likawa kubwa kuliko haja ya mpokeaji. Mambo yalifika hata Sheria ya Maadili ya Maofisa wa Umma ya mwaka 2003 ikakataza maofisa kutumia vyeo vyao kukusanya michango. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wala si kelele.

Kisha ukaja mtihani wetu. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini, na serikali ilihesabu watu 663,921 waliofukuzwa makwao. Katika Lugari na Turbo wapo waliotimuliwa na jirani zao, na wapo waliokimbilia huku wakapokewa. Nchi moja ilifanya yote mawili katika mwezi mmoja, na haifai kukumbuka la pili tu. Angalieni tena: kati ya wale 663,921, karibu nusu hawakulala kambini, bali katika nyumba za jamaa na marafiki. Mahema yalipigwa picha na kuletewa chakula. Jikoni mwa mwenyeji aliyegawa unga wake kwa familia tatu hakukufika mpiga picha. Mila ya omumenya ilikuwa hai bado, lakini haikuandikwa katika daftari la mtu.

Leo wako wengine wasio na jamaa wa kuwapokea. Hesabu ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 wanaoishi mitaani nchini, na 15,337 kati yao walikuwa Nairobi. Tunawaita chokoraa, yaani wachokoaji wa taka, jina linalomtaja mtu kwa njaa yake. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao yanayofaa. Lakini katiba haibishi hodi. Jirani ndiye afunguaye mlango.

Kwa hiyo twaomba wanachama wafikiri haya watakapokaa kugawa mfuko wa mwaka ujao. Mtu akiletwa mbele ya kamati, lisiwe swali la kwanza ni mtoto wa nani, wala ni wa kabila gani, bali atalala wapi mwezi ukiisha. Na yule mwenyeji anayemhifadhi mtu bila kutangaza, naye aandikwe miongoni mwa wanaostahili kusaidiwa, kwa maana yeye ndiye aliyetoa zaidi kuliko sisi sote.