Bunduki Iliyoangushwa Mara Moja: Vichekesho vya Vita kati ya Ufaransa na Italia

Siku tuliyosoma darasani kuanguka kwa Ufaransa mwaka 1940, mwenzetu mmoja alinadi kwa sauti: "Inauzwa bunduki ya Kifaransa! Haijawahi kufyatuliwa, imeangushwa chini mara moja tu." Tulicheka sote. Wiki chache baadaye nilikutana na kichekesho hichohicho, ila safari hii bunduki ilikuwa ya Kiitaliano. Nikajiuliza: ikiwa kichekesho kimoja kinawaenea majirani wawili, kinatueleza nini kuhusu historia ya yeyote kati yao? Insha hii inadai kwamba vichekesho vya aina hii si ushahidi wa yaliyotokea vitani. Ni kumbukumbu ya ugomvi, iliyochagua siku moja na kuziacha nyingine.

Ufaransa na Italia hazikuanza kwa uadui. Mwaka 1859, majeshi ya Ufaransa na ya Ufalme wa Sardinia yaliishinda Austria huko Solferino, ushindi uliofungua njia ya kuungana kwa Italia. Lakini msaada ulikuwa na bei: mwaka 1860 Ufaransa ilichukua Savoy na Nice. Mwaka 1881 ikaitwaa Tunisia, ambako Waitaliano wengi walikuwa wamehamia na ambayo Italia iliitamani. Mwaka uliofuata Italia ikajiunga na Ujerumani na Austria-Hungaria katika muungano wa kijeshi.

Jeraha kubwa zaidi lilikuja tarehe 10 Juni 1940. Mussolini alitangaza vita dhidi ya Ufaransa wakati Wajerumani walikuwa wamekaribia Paris. Wafaransa waliliita tendo hilo kisu cha mgongoni. Siku chache baadaye Ufaransa ilisalimu amri, na vichekesho vya pande zote mbili vikapata chakula: Mfaransa ni wa kuinua mikono, na kifaru cha Muitaliano kina gia moja ya kwenda mbele na nyingi za kurudi nyuma.

Tuitazame Juni hiyo kwa makini. Katika milima ya Alps, Wafaransa wachache waliwazuia Waitaliano waliowazidi mno kwa idadi. Waitaliano zaidi ya 600 waliuawa, na zaidi ya 2,000 waliumizwa na baridi kwa sababu walipelekwa kwenye theluji bila mavazi ya kufaa. Kosa hilo lilikuwa la aliyewatuma, si la waliotumwa. Upande wa kaskazini, makumi ya maelfu ya wanajeshi wa Ufaransa walikufa ndani ya wiki sita tu. Watu wasiopigana hawafi kwa idadi hiyo. Kilichoshindwa zaidi ni mipango ya makamanda.

Vichekesho pia havitaji kwamba mwaka 1916 Wafaransa walistahimili Verdun tangu Februari hadi Desemba. Havitaji kwamba Waitaliano, baada ya kushindwa vibaya Caporetto mwaka 1917, waliwasimamisha maadui kwenye mto Piave, wala kwamba mwaka 1941 walishikilia Keren, nchini Eritrea, kwa wiki kadhaa dhidi ya majeshi ya Uingereza. Zaidi ya yote, havitaji Bligny, karibu na Reims. Huko wamezikwa Waitaliano zaidi ya 3,000, wengi wao waliouawa mwaka 1918 wakipigana bega kwa bega na Wafaransa.

Kwa nini basi vichekesho hivi havifi? Kwa sababu kila ugomvi mpya unavihitaji. Juni 2018, Italia ilikataa kuipokea meli ya Aquarius iliyobeba wahamiaji 629. Rais Macron akailaumu vikali, nayo Italia ikakasirika. Januari 2019, Naibu Waziri Mkuu wa Italia, Luigi Di Maio, alidai kwamba Ufaransa inaifukarisha Afrika kwa njia ya faranga ya CFA. Mwezi uliofuata alikwenda Ufaransa kukutana na waandamanaji wa vizibao vya njano waliokuwa wakiipinga serikali ya Macron. Tarehe 7 Februari Ufaransa ikamwita nyumbani balozi wake, ikisema mashambulizi ya namna hiyo hayajawahi kuonekana tangu kumalizika kwa vita. Vita yenyewe ilikuwa imetajwa, na kila aliyekumbuka 1940 alielewa.

Kwetu utani una masharti. Mtani hukutania, nawe una haki ya kumjibu. Na ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika msibani. Kichekesho cha bunduki hakina sharti hilo la pili. Kinawacheka wafu ambao hawawezi kujibu, na msimuliaji wake hana wajibu wa kwenda makaburini.

Balozi alirudi Roma baada ya siku chache tu, na Novemba 2021 nchi hizo zilitia saini Mkataba wa Quirinale wa kushirikiana. Serikali zilipatana, kichekesho kimebaki. Sisi wanafunzi wa historia hatukatazwi kucheka. Ila mtu akiinadi tena ile bunduki darasani, tumuulize ni ya nani, iliangushwa wapi, na aliyekuwa ameishika alifikwa na nini.