Itikadi ya Kidini na Misukosuko ya Nafsi: Ulinganishi wa Mashambulizi ya Garissa (2015) na Nice (2016)

Mjadala kuhusu chanzo cha mashambulizi ya kigaidi umegawanyika katika mielekeo miwili. Wa kwanza unaichukulia itikadi ya kidini kuwa ndiyo kiini. Wa pili unaiona dini kuwa vazi tu linalofunika misukosuko ya mtu binafsi. Nchini Ufaransa, Gilles Kepel amesisitiza athari za mafundisho ya Kisalafi, ilhali Olivier Roy amedai kwamba uasi wa vijana hutangulia na dini hufuata. Insha hii inashikilia kwamba mielekeo hiyo inajibu maswali mawili tofauti: kwa nini mtu huelekea kwenye ukatili, na kwa nini ukatili huo humwangukia fulani badala ya mwingine.

Shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, liliua watu 148, wengi wao wanafunzi. Mmoja wa washambuliaji wanne wa Al-Shabaab alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwana wa chifu kutoka Mandera. Baba yake alikuwa ameiarifu serikali kwamba kijana huyo ametoweka. Wasifu huo hauonyeshi mtu aliyeshindwa na maisha. Zaidi ya hayo, washambuliaji waliwatenga Waislamu na kuwalenga Wakristo. Hata hivyo, Al-Shabaab ilitaja pia kuwapo kwa majeshi ya Kenya nchini Somalia, yaliyoingia Oktoba 2011. Dini iliweka mpaka wa nani auawe. Ugomvi wenyewe ulikuwa na sura ya kisiasa vilevile.

Mjini Nice, tarehe 14 Julai 2016, mtu mmoja aliendesha lori katikati ya umati na kusababisha vifo vya watu 86. Alijulikana kwa ukatili dhidi ya mkewe, alikuwa amewahi kuonwa na daktari wa magonjwa ya akili, wala hakushika ibada. Takriban theluthi moja ya waliofariki walikuwa Waislamu. Kundi la Dola ya Kiislamu lilidai kuhusika, lakini hapa itikadi ilimfikia mtu ambaye ukatili wake ulikuwa umekwisha kujitokeza. Hata hivyo, msukosuko haukumfanya ashindwe kupanga: alilikodi lori na kulikagua eneo kabla ya siku hiyo.

Tofauti hii inaafikiana na utafiti wa Emily Corner na Paul Gill wa mwaka 2015, uliobaini kwamba maradhi ya akili huonekana zaidi kwa washambuliaji wanaotenda peke yao kuliko kwa wanachama wa makundi. Kundi linahitaji utii na siri, hivyo huelekea kumkwepa asiyetabirika.

Jibu linalochaguliwa lina gharama. Dini ikilaumiwa peke yake, jamii nzima hushukiwa, kama ilivyotokea Aprili 2014 katika operesheni ya Usalama Watch, ambapo maelfu ya watu, hasa Wasomali wa Eastleigh, walikamatwa na wengi kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Wazimu ukilaumiwa peke yake, waliopanga na kufadhili hukwepa lawama, na wagonjwa wa akili wasio na hatia huogopwa. Kwa hiyo mtafiti hana budi kuanza na ushahidi wa kila tukio: waathiriwa walichaguliwaje, nani alipanga, na mshambuliaji alikuwa nani kabla ya kuipokea itikadi.