Darubini: Kutoka Mnarani Mpaka Shuleni

Mwezi wa Agosti mwaka 1609, Galileo Galilei aliwapandisha wakuu wa Venice juu ya mnara, akawaonyesha darubini yake. Waliona merikebu za mbali zisizoonekana kwa macho matupu, wakakisifu chombo hicho kwa manufaa yake katika vita. Januari 1610 Galileo alitazama sayari ya Mshtarii, akagundua miezi minne inayoizunguka. Ikadhihirika ya kuwa si vitu vyote vya mbinguni viizungukavyo dunia. Hata hivyo, walikuwapo wanachuoni waliokataa hata kuchungulia.

Hapa Kenya, mwaka 2014, Susan Murabana na mumewe walianza kazi ya kuichukua darubini mpaka shuleni. Katika usiku kama huo watoto hupanga mstari pamoja na wazazi wao, kila mmoja akingoja zamu yake. Mzazi asiyepata kusoma huiona milima ya mwezi ile ile aionayo mwanawe. Basi mtoto akisimulia nyumbani habari za mbingu, hadhaniwi mzushi.

Matulo, katika Bungoma, ni karibu na ikweta. Kwa hiyo, mwaka ukizunguka, nyota za kaskazini na za kusini karibu zote huonekana kutoka kijiji hicho, jambo ambalo Venice haina. Mbingu imekwisha kutolewa kwa wote. Iliyobaki ni kazi ya kupokezana darubini.