Kabla Ziwa Halijawa Ukuta

Mwaka 1900 meli mbili zilishushwa majini kwa mara ya kwanza, moja Hamburg, nyingine Kisumu.

Ile ya Hamburg iliitwa Prinzessin Victoria Luise. Vyumba vyake vyote vilikuwa daraja la kwanza, kwa sababu kazi yake ilikuwa moja tu: kuwazungusha matajiri baharini na kuwarudisha walikotoka. Ndiyo inayohesabiwa kuwa meli ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kile ambacho siku hizi tunakiita kruzi. Mwenye wazo alikuwa Albert Ballin, bosi wa kampuni ya meli ya Hamburg-Amerika. Meli zake za kuvuka Atlantiki zilikuwa zinakaa bure msimu wa baridi, huku zinakula pesa. Basi mwaka 1891 akachukua moja, Augusta Victoria, akaipeleka Mediterania na abiria 241. Hakuna aliyekuwa anahamia popote, hakuna aliyekuwa na mzigo wa kupeleka. Walienda, wakaona, wakarudi. Na pesa ikaingia.

Ile ya Kisumu iliitwa William Mackinnon, kwa heshima ya mfanyabiashara Mskoti ambaye kampuni yake ilitangulia serikali ya Waingereza huku kwetu. Iliundwa Uskoti, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Mombasa. Reli ilikuwa bado haijafika mbali, kwa hivyo vipande vilipanda bara juu ya vichwa na migongo ya wapagazi. Jaribu kuwaza hiyo kazi: umebeba bamba la chuma, jua la Taru liko juu yako, na hujawahi kuona meli yenyewe wala ziwa inakoenda. Jina la mwenye kampuni tunalo, liliandikwa ubavuni mwa meli. Ya wapagazi, tafuta hadi uchoke.

(Ndiyo, kila kitu enzi hizo kilikuwa Victoria. Ziwa lenyewe lilipewa jina hilo na Speke mwaka 1858, akiwa upande wa Mwanza. Wajaluo walikuwa wakiliita Nam Lolwe, na bado wanaliita hivyo.)

Kisumu ilikuwa bado haijawa Kenya. Ilihesabiwa upande wa Uganda mpaka 1902, mipaka iliposogezwa kwa karatasi. Reli ilifika Desemba 1901, na kuanzia hapo mambo yakaenda mbio. Zikaja Winifred na Sybil, halafu Clement Hill, kisha Usoga na Rusinga kabla tu ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Zote zilikuja kwa njia moja: zinaundwa Uingereza, zinafunguliwa, zinapandishwa treni, zinaunganishwa tena kando ya ziwa. Kwa miaka mingi Kisumu ilikuwa mji unaounganisha meli. Hii si hadithi ninayokumbuka kuisoma kwenye kitabu chochote cha shule.

Mwishoni mwa 1907 Winston Churchill alipanda Clement Hill hapo Kisumu kwenda Entebbe. Alikuwa bado kijana, naibu waziri wa makoloni, na mwaka uliofuata akaitolea safari yake kitabu. Alishangaa kukuta taa za umeme na bafu katikati ya Afrika. Nadhani ndiye mtalii wa kwanza maarufu kulifurahia ziwa akiwa kwenye kiti cha sitaha, kinywaji mkononi. Lakini meli aliyopanda haikuwa kama ya Ballin. Chini yake kulikuwa na mizigo, pamba na ngozi na masanduku ya posta, na watu wa kuipakia na kuipakua. Wazungu walilala vyumba vya daraja la kwanza, Wahindi wengi la pili, na Waafrika wakakaa daraja la tatu, sitahani, pamoja na kuku na mikungu ya ndizi. Ukitaka kujua sheria za koloni zilivyokuwa, panda ngazi za hiyo meli kutoka chini hadi juu.

Ndiyo maana nasema raha ya Ziwa Victoria haikuwahi kuwa na meli yake pekee. Ilipangishiwa ghorofa ya juu ya meli ya kazi.

Ziwa Tanganyika nalo lina kisa chake, na kinachekesha kidogo. Wajerumani waliagiza meli kutoka kiwanda cha Meyer kule Papenburg, ikaitwa Graf von Goetzen. Ilifika Kigoma ikiwa kwenye maelfu ya masanduku, ikashushwa majini 1915, ikazamishwa na wenyewe 1916 ili isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza wakaiibua kutoka chini ya ziwa mwaka 1924 na kuipa jina Liemba. Ilibeba abiria miaka na miaka, wakimbizi pia. Sasa, kile kiwanda cha Papenburg bado kipo. Kazi yake kubwa leo ni kuunda zile kruzi kubwa kama mtaa mzima, unazoziona mtandaoni zikiwa na maji ya kuteleza na sinema ndani. Fundi ni yule yule. Sisi tulipewa ya kubeba samaki wakavu.

Turudi Kisumu. Mwaka 1961 ilishushwa meli ambayo wazee wa Nyanza bado wakiitaja sauti inabadilika. RMS Victoria, kazi ya kampuni ya Yarrow ya Glasgow, nayo ilikuja vipande. Herufi mbele ya jina zilimaanisha ilibeba barua za Malkia. Baada ya uhuru ikawa MV tu. Ilikuwa inazunguka ziwa: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell, halafu nyumbani. Watalii waliipanda kwa ajili ya machweo. Wengine wote waliipanda kwa sababu walikuwa na shughuli.

Nyanya ya beste yangu alikuwa mmoja wa hao wengine. Dada yake aliolewa Shirati, upande wa Tanzania, kwa Wajaluo wenzetu ambao mpaka uliwakuta wakiwa wamelala. Alikuwa anapanda meli Kisumu na vyungu vyake, anashuka Musoma, anatafuta gari. Beste anasema alikuwa akiisimulia hiyo safari jinsi mtu anavyosimulia matatu ya kwenda soko: nani alitapika, nani alikataa kulipa, nani alikaliwa na kuku. Ni mara moja tu alisema kitu kuhusu uzuri. Alisema usiku, ukiwa katikati, huoni nchi ya mtu yeyote.

Halafu ukaja 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa miaka kumi tu kabla, ilivunjika kwa ugomvi wa pesa, siasa na watu watatu wasiopatana. Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Ndege ziligawanywa, mabehewa yakagawanywa, meli zikagawanywa kama vyombo vya jikoni baada ya talaka. Kenya ilibaki na MV Uhuru, ile ya kubeba mabehewa ya treni. Tanzania ikabaki na Umoja. Tuseme tu majina yenyewe yalijua kukejeli. Na Victoria ikaenda Tanzania, Mwanza, ikawa inafanya kazi kati ya Mwanza na Bukoba.

Watu waliendelea kuvuka kwa njia za panya, bila shaka. Mitumbwi haikujua kwamba Jumuiya imekufa. Lakini mtu mzima mwenye vyungu hawezi kupanda mtumbwi wa magendo usiku. Nyanya hakumuona dada yake miaka ile yote. Mpaka ulipofunguliwa, meli yake haikuwa yake tena, na njia ya barabara ilikuwa ndefu kwa miguu iliyokwisha kuchoka.

Alipofariki, beste yangu akasema: twende tuipande. Kwa sababu bado ipo. Ilikaa miaka kadhaa bila kufanya kazi, ikafumuliwa na kutengenezwa upya, na Agosti 2020 ikarudi majini ikiwa inaruhusiwa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Siku hizi inaitwa New Victoria Hapa Kazi Tu, kutokana na kaulimbiu ya rais wa wakati huo, Magufuli. Kwa hivyo kruzi yetu ya kwanza maishani, ya usiku mmoja tu, ilianza kwa basi la kutoka Nairobi, mihuri miwili Isebania na Sirari, na mgongo unaouma hadi Mwanza.

Tulinunua daraja la pili, kwa sababu la kwanza lilitushinda na la tatu tuliliogopa. Meli iliondoka usiku. Mawe ya Mwanza, lile la Bismarck likiwa mbele kabisa, yalipita gizani kama watu waliokaa. Chini walikuwa wamepakia magodoro, kreti za soda, sabuni, pikipiki mbili zimefungwa kamba. Mama mmoja aliyeketi kwenye gunia akatutazama tukipiga selfi. Beste akamwambia "Habari?" Akanyamaza. Nikakumbuka tuko wapi, nikasema, "Shikamoo, mama." Uso ukafunguka. "Marahaba, wanangu. Nyie mmetoka Kenya, eeh? Mnakwenda kumsalimia nani Bukoba?"

Tukamwambia hatuna mtu Bukoba. Tunapanda tu, asubuhi tuzunguke mji, halafu turudi.

"Mnapanda tu," alirudia. Si kwa kutukejeli. Alikuwa anaipima hiyo hoja, kama mtu anayepima mchele usioeleweka bei. Nikawaza Ballin na abiria wake 241.

Baadaye ndiye aliyetuonyesha makoti ya kuokolea yalipo, kabla ya mhudumu yeyote. Alitaka tushike kwa mkono tujue kamba inafungwa vipi. Watu wa njia hii wana sababu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, ikitoka Bukoba na kujaa kupita kiasi, ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa Mwanza. Walikufa mamia ya watu, na hesabu kamili hadi leo inabishaniwa, kwa sababu wengi hawakuwa kwenye orodha. Abiria wa tiketi za mlangoni hawakuandikwa popote. Wengi walizikwa Igoma, nje kidogo ya Mwanza. Mwaka 2018, mwezi Septemba, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka mita chache kutoka kisiwa cha Ukara, zaidi ya watu 200 wakafa. Kilijaa kwa sababu ilikuwa siku ya gulio. Kwenye ziwa hili, aliyezama ni yule aliyekuwa anakwenda sokoni.

Usiku wa manane tulitoka nje. Hakukuwa na taa upande wowote. Beste alisimama pale kwenye reli kwa muda mrefu bila simu mkononi, na mimi nikajifanya natafuta mtandao.

Kwetu upande wa Kisumu, maji yapo, meli ndizo zilizopungua. Miaka ya tisini gugumaji lilifunika ghuba hadi bandari ikakwama. Bandari imekarabatiwa juzi juzi, na vile vibanda vya samaki vya Lwang'ni vikabomolewa 2019 kupisha kazi hiyo. MV Uhuru ilifufuliwa mwaka huo huo na kuanza kupeleka mafuta Uganda. Ikaundwa na nyingine, Uhuru II, na safari hii ilijengwa hapo hapo Kisumu, kazi ya kiwanda cha jeshi la wanamaji. Inabeba mafuta pia. Tulipouliza pale bandarini kama kuna meli ya abiria ya kwenda Musoma au Mwanza, askari alicheka kwa heshima, akatuelekeza stendi ya mabasi.

Kinachoitwa kruzi Kisumu leo ni boti ya injini kutoka Dunga, saa moja hivi: unaona viboko wakitoa masikio, unapiga picha za jua, unarudi kula samaki. Ni nzuri, nimepanda mara nyingi. Kijana wa boti huzima injini mahali fulani ili watu wapige picha. Mara ya mwisho beste alimuuliza, ukiendelea tu mbele bila kukata kona, unafika wapi? Akaelekeza kidole kusini magharibi, akasema Shirati, Musoma, halafu Mwanza. Petroli ya kutufikisha hana, akasema, na hata angekuwa nayo angekamatwa. Akavuta kamba ya injini, tukageuza.