Uzito wa Ndege na Kauli ya Rubani



Kaskazini ya mji wa Bujumbura, katika Ngagara, karibu na soko liitwalo Kotebu, si ajabu kuona gari dogo lililoshindiliwa watu na magunia hata likainama upande mmoja. Dereva akinung'unika, mwenye gari humkumbusha kwamba wanaotafuta kazi ni wengi. Gari hilo likishindwa na mlima husimama, abiria wakateremka na kulisukuma. Ndege zirukazo kutoka uwanja usio mbali na hapo hazina mahali pa kusimama.

Kila ndege ina uzito wa juu kabisa uliowekwa na waliyoiunda. Hata hivyo, uzito unaofaa siku fulani hutegemea pia urefu wa njia ya kurukia, joto, na kimo cha mahali. Hewa ya moto na ya nchi ya juu ni nyepesi: mabawa hayapati pa kushika, na injini hupungukiwa nguvu. Bujumbura, kwenye kimo cha mita 780 hivi, ina njia ya mita 3,600, na rubani hupumua. Goma iko juu ya mita 1,500. Na lava ya mlima Nyiragongo ilipofunika sehemu ya njia yake Januari 1994... la hasha, Januari 2002, ndege zilezile zililazimika kwa miaka mingi kuondoka hapo na mzigo mdogo zaidi.

Askari wana sababu ya kulifuata jambo hili kwa makini. Tangu Desemba 2007 wanajeshi wa Burundi walisafirishwa kwa ndege kwenda Mogadishu, na askari hapimwi kama raia. Tarehe 12 Desemba 1985 ndege ya DC-8 ya kampuni ya Arrow Air ilianguka mara tu baada ya kuruka Gander, Kanada. Wote 256 walikufa, 248 kati yao wakiwa askari wa Marekani waliokuwa wakirejea kutoka Sinai. Wachunguzi hawakuafikiana juu ya chanzo: wengi wao walitaja barafu juu ya mabawa, wengine walikataa. Lakini jambo moja lilidhihirika: hesabu ya uzito ilimchukua kila abiria kuwa wa kilo 77 hivi, kana kwamba askari husafiri bila silaha wala mkoba wake.

Mjini Kinshasa, tarehe 8 Januari 1996, Antonov 32 iliyopakiwa kupita kiasi ilishindwa kuinuka katika uwanja wa N'dolo, ikapita mwisho wa njia na kuingia katika soko la Simba Zikita. Waliokufa walizidi 200, karibu wote wakiwa chini, wachuuzi na wanunuzi, watu ambao hawakukata tikiti ya kwenda popote. Marubani wake walihukumiwa kifungo.

Ndipo swali la mamlaka linapojitokeza. Kanuni za kimataifa zilizotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944 zampa rubani kiongozi kauli ya mwisho juu ya ndege yake. Ni kanuni njema. Bahati mbaya, mshahara wa rubani haulipwi na mkataba huo. Hulipwa na mtu anayehesabu kila kiti kitupu kuwa hasara.

Hakuna mahali palipoonyesha hivyo waziwazi kuliko Cotonou, Benin, tarehe 25 Desemba 2003. Boeing 727 ya kampuni ya UTA ya Guinea ilikuwa njiani kwenda Beirut na Dubai. Abiria walipanda katika vurugu kubwa, wakiwa na mizigo mingi ya mkononi, hata mkuu wa wahudumu akaenda kumwarifu kapteni. Ndani ya chumba cha marubani walikuwa wameketi wakubwa wawili wa kampuni, nyuma ya marubani hasa. Marubani walifanya hesabu zao kwa uzito wa tani 78. Uchunguzi uliofanywa baadaye na wataalamu wa Ufaransa kwa niaba ya Benin ulikadiria kuwa ndege ilikuwa na tani 85 na zaidi. Ilikimbia karibu njia yote, ikainuka kwa shida, ikagonga jengo dogo mwisho wa uwanja na kuangukia ufukweni. Watu 141 walikufa. Miongoni mwao walikuwamo maofisa 15 wa jeshi la Bangladesh, waliokuwa wametumikia amani katika Sierra Leone na Liberia na sasa wanarudi kwao.

Ripoti haikumtupia rubani lawama yote. Ilitaja udhaifu mkubwa wa kampuni katika uongozi, utaratibu na nyaraka, pamoja na ulegevu wa serikali zilizopaswa kuisimamia. Tena ilieleza kwamba uzito ulikuwa umeelemea mbele, na marubani hawakujua. Wapakiaji walikuwa wameanza kuweka mizigo katika ghala la nyuma. Mtu mmoja wa kampuni akawaamuru waendelee katika ghala la mbele, ambalo tayari lilikuwa na mizigo, mpaka likajaa. Mtu huyo hakupata kutambuliwa.